Kifafa cha Uzeeni, Kiharusi na Moyo

Kifafa hudhaniwa na watu wengi kuwa ni ugonjwa wa watoto na vijana. Ni kweli ya kuwa wengi huanza kuanguka wangali wadogo, lakini uko umri wa pili ambao kifafa huzuka kwa wingi, nao ni uzee. Mzee aliyepita miaka 60, asiyepata kuanguka maisha yake yote, huanguka siku moja shambani au dukani alikokwenda kununua chumvi, akatetemeka viungo na kupotewa na fahamu. Mara jamaa zake huanza kutafuta ni nani aliyemroga. Aghalabu adui huyo yumo katika mishipa ya damu ya mzee mwenyewe.

Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme zipitazo kwa taratibu baina ya chembe zake. Mshipa wa ubongoni ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka kwa sababu ya presha, sehemu ya ubongo hufa. Hicho ndicho kiharusi. Mahali palipokufa hubaki kovu, na chembe zilizo kando ya kovu huweza kupoteza utaratibu wake na kufyatua umeme zote kwa pamoja. Ndiyo sababu kiharusi ni chanzo kikubwa cha kifafa kinachoanza uzeeni. Pengine kovu ni dogo hata mwenyewe hana habari nalo: mkono haukupooza wala kinywa hakikupinda. Uchunguzi uliotangazwa nchini Uingereza mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa watu walioanza kuanguka baada ya kutimiza miaka 60 walipatwa na kiharusi baadaye karibu mara tatu kuliko wenzao wa umri huo. Basi mzee aangukaye kwa mara ya kwanza apimwe presha, sukari na mafuta ya damu, wala asiridhike na kupewa dawa ya kifafa peke yake.

Hata hivyo, si kila aangukaye ana kifafa. Moyo ukipiga ovyo, au ukisita kwa sekunde chache, ubongo hukosa damu, na mtu huanguka na kutikisika viungo vilevile. Mtu huyu aweza kumeza dawa za kifafa miaka mingi bila faida, na hatari iliyo moyoni mwake isiguswe. Aliyeangushwa na moyo kwa kawaida huzindukana upesi na kujua alipo. Mwenye kifafa hukaa kitambo amechanganyikiwa, na mara nyingi amejiuma ulimi kandokando. Kiko chombo hospitalini kiandikacho mapigo ya moyo juu ya karatasi. Kipimo chake hakiumi, na yafaa kila mwenye kuanguka apimwe nacho.

Dawa za kifafa nazo zina habari yake. Fenobabitoni ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, na fenitoini mwaka 1938. Kabamazepini ilikuja baadaye. Zimewafaa watu wengi mno. Katika wilaya ya Nakuru wagonjwa 302 walipewa fenobabitoni au kabamazepini, na habari zao zilitangazwa mwaka 1991: kati ya 249 waliomaliza mwaka mzima wa matibabu, zaidi ya nusu hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho.

Lakini dawa hizo tatu hulichochea ini lifanye kazi kupita desturi yake. Huweza kuongeza mafuta ya damu, ambayo huziba mishipa. Tena ini lililochochewa huharibu upesi dawa nyingine, kama vile wafarini, inayozuia damu isigande. Mgonjwa wa moyo aweza kudhani amekingwa, kumbe wafarini yake imekwisha nguvu. Na akiacha dawa ya kifafa bila kumwambia daktari, ini hurudia mwendo wake wa zamani, na kipimo kilekile cha wafarini huwa kikali hata mtu akatokwa na damu. Levetirasetamu, dawa ya siku za karibuni, hailichochei ini hivyo. Lamotrijini pia ni nyepesi kwa ini, ila huhitaji hadhari kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo.

Mtu asisome haya akaitupa dawa yake chooni. Kuacha ghafula kwaweza kuleta kuanguka kusikokoma, nako kukipita dakika tano ni jambo la kukimbiza mgonjwa hospitali, kwa maana huua. Daktari akiona dawa haifai, hupunguza ya zamani kidogo kidogo huku akiingiza mpya. Kwa hiyo mgonjwa aendapo achukue pakiti zote za dawa anazomeza, za presha, za moyo na za miti shamba, na afuatane na mtu aliyemwona kwa macho alipoanguka.