Maziwa yaliyokosa mnunuzi yageuka jibini ya kutazamia mpira Gongoni

Mvua iliyoanza kunyesha mjini Tabora Ijumaa usiku ilikuwa haijakatika nilipobisha hodi kwa mama mmoja mfugaji wa kata ya Gongoni, Jumamosi ya Januari 20, 2024. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia tu. Nikamkuta amesimama mbele ya sufuria ya maziwa lita 12, mkono kiunoni.

"Karibu mwanangu, umenikuta na msiba," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. Mchuuzi wa baiskeli anayenunua kwake kwa Sh1,000 lita moja hakupita kwa ajili ya matope. Mwingine alipita, akataka kununua kwa Sh500. Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki mbili kabla, na kijana wake wa kidato cha kwanza alikuwa bado hana viatu.

Hali hiyo si ngeni kwa wafugaji wa Tabora. Mvua za huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Majani yanaota, ng'ombe wanashiba na maziwa yanaongezeka, lakini ndipo bei inaposhuka na njia zinapoharibika. Wazee wetu, katika mji huu uliokua kutokana na misafara ya kati ya pwani na Ujiji, walijua kwamba maziwa hayasubiri. Dawa yao ilikuwa mtindi na samli.

Mama huyu alikuwa na dawa nyingine. Mdogo wake aliyewahi kuishi Njombe, mji wenye kiwanda kinachotengeneza jibini, alimfundisha kutengeneza jibini rahisi ya nyumbani. Aliyachuja maziwa aliyokamua asubuhi ile, akayabandika jikoni huku akikoroga hadi yakakaribia kuchemka, akaepua. Akamimina maji ya ndimu kidogo kidogo. Maziwa yakakatika, mapande meupe yakaelea na maji ya kijani hafifu yakabaki chini. Akayamwaga kwenye kitambaa safi cha pamba, akatia chumvi, akafunga na kuweka jiwe zito juu. Maji yaliyochujika waliyapata kuku.

Jioni alinikatia kipande. Nakiri kwamba hakikunifurahisha. Kililia kwenye meno kama mpira na kilikuwa baridi kinywani. Akacheka, akakikaanga kwa mafuta kidogo na pilipili ya kusaga. Jibini iliyokatwa kwa ndimu haiyeyuki kwenye kikaango. Inakauka na kuwa ya kahawia nje, laini ndani. Nilikula vipande vitatu.

Lita 12 zilitoa kilo mbili, yaani lita sita kwa kilo. Jibini ngumu za viwandani huhitaji karibu lita kumi kwa kilo, kwa sababu maji hutolewa zaidi, lakini hukaa miezi. Hii haina umri huo. Bila friji ni chakula cha siku moja au mbili. Tukaihifadhi kwenye friji ya jirani usiku ule, tukijiuliza nani ataila.

Jibu lilikuwa jirani zaidi ya tulivyodhani. Jumapili usiku Taifa Stars ilikuwa inacheza na Zambia katika fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast. Timu yetu ilikuwa haijawahi kushinda mchezo hata mmoja wa fainali hizo tangu iliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1980. Kibanda umiza cha mtaani kilijaa tangu saa 11 jioni, Morocco ilipocheza na Kongo na kutoka sare ya 1-1. Kwa mvua ile, hakuna aliyethubutu kutoka kutafuta mishikaki.

Mama alikata jibini vipande 40 vya gramu 50, akaweka jiko chini ya paa la nje. Alitoa vipande vinne vya kuonja bure, vikaisha mara moja. Kwa Sh500 aliuza kumi tu, vingi baada ya Simon Msuva kufunga dakika ya 11, watu walipokuwa na furaha. Mapumziko alishusha bei hadi Sh300, akauza 22. Dakika ya 88 Patson Daka akaisawazishia Zambia iliyokuwa pungufu kwa kadi nyekundu. Watu walitoka kimya na hakuna aliyenunua tena. Vipande vinne vilirudi nyumbani.

Sasa tufanye hesabu. Mauzo yalikuwa Sh11,600. Mkaa, ndimu, mafuta na pilipili viligharimu Sh3,500. Tukiyahesabu maziwa kwa Sh500, bei pekee aliyopewa siku ile, ni Sh6,000. Faida ni Sh2,100, bila kuhesabu muda wake. Lakini tukiyahesabu kwa Sh1,000 anayolipwa kila siku, amepata hasara ya Sh3,900.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Jibini ya namna hii ni biashara ya maziwa yaliyobaki. Lita yenye mnunuzi wa uhakika iuze ikiwa maziwa. Lita inayokwenda kumwagwa au kuuzwa nusu bei, igeuze. Aidha, panga bei kabla ya kuwasha jiko: kama vipande vyote 40 vingeuzwa Sh300, mapato yangekuwa Sh12,000, zaidi ya aliyopata.

Kwa atakayejaribu, tumia maziwa yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo, kwani yaliyoanza kuchacha yanafaa mtindi. Usiache kuyapasha moto vizuri, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kuambukiza ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Usitumie ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa kabla siku alizoelekeza mtaalamu hazijaisha. Na ukitaka kuifanya biashara ya kudumu, muone ofisa mifugo wa kata akuelekeze taratibu za Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004.

Jumatatu asubuhi mvua ilikatika na mchuuzi wa Sh1,000 akarudi. Mama alimpa maziwa yote. Kitambaa cha jibini alikuwa ameshakifua na kukianika, akiulizia Stars inacheza tena lini.