Majani Yaozayo Chini ya Theluji

Miti ya milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, hupukutisha majani yake mwezi Oktoba. Haupiti muda mrefu theluji huyafunika, na mpita njia hudhani kuoza kumeahirishwa hadi baridi iishe. Hakujaahirishwa.

Kuoza huko hupimwa kwa njia isiyohitaji mtambo wowote wa kujivunia. Majani hukaushwa, hupimwa uzito, hutiwa katika kifuko cha wavu na kulazwa chini ya miti. Baada ya miezi kadhaa hufuatwa na kupimwa tena. Uzito uliopungua ndio uliooza, au uliosombwa na maji, mizani haitofautishi.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na katika jani lililolowa barafu huchana kuta za seli. Barafu ikiyeyuka, sukari, potasiamu na vingine viyeyukavyo majini huchuruzika nje. Awamu za kwanza za kuganda na kuyeyuka huvujisha vingi, za baadaye haba. Miongoni mwa vinavyosalia ni lignini, kiambata kinachoupa mmea ugumu, na hicho barafu haikiwezi. Huachiwa kuvu, ambayo angalau sasa hukuta jani limejaa nyufa za kupenyeza nyuzi zake.

Kuvu na bakteria havidai joto jingi. Vinadai maji ambayo hayajaganda. Hata udongo ukishuka chini kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi, utando mwembamba wa maji hayo hubaki kuzunguka chembe zake. Theluji nayo husaidia: imejaa hewa, kwa hiyo hupitisha joto kwa shida. Tabaka nene la theluji huuacha udongo ukielea karibu na nyuzi 0 hata hewa ya juu ikiwa na baridi kali zaidi. Ndiyo maana majira ya baridi yasiyo makali, yenye theluji haba, yanaweza kuleta udongo wa baridi zaidi.

Katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, milimani humohumo, wanasayansi walilijaribu jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliondoa theluji ya mwanzo wa msimu kwa koleo, chombo ambacho maombi ya fedha za utafiti hayakitaji kwa fahari. Udongo uliganda, kisha nitrati, aina ya nitrojeni ambayo miti huifyonza, zikaongezeka katika maji ya udongoni. Washukiwa wa kwanza walikuwa vijidudu waliouawa na baridi, lakini vipimo vyao havikubadilika vya kutosha kueleza ongezeko hilo. Iliyokufa kwa wingi ilikuwa mizizi myembamba. Virutubisho viliendelea kutolewa, ila wapokeaji walipungua, maji yakavibeba.

Hesabu zinazokadiria kasi ya kuoza kwa wastani wa joto la hewa peke yake, basi, hupima mahali pasipo na jani hata moja. Zinahitaji kujua pia kina cha theluji, na tarehe iliyoanguka.