Nywele kukatika: tusiisingizie hijabu

Wapo kina dada wanaolalamika kuwa nywele zao zinakatika kwa sababu ya hijabu, na baadhi yao wameanza kulegeza stara kwa kisingizio hicho. Mara nyingi tatizo si kitambaa chenyewe. Tutazame yanayofanyika chini ya kitambaa.

Kwanza okota unywele mmoja kwenye chanuo. Ukiwa na kijinundu cheupe upande mmoja, huo haukukatika, umenyonyoka na shina lake. Hali hii huwapata sana kina mama miezi kama 3 baada ya kujifungua, na kwa kawaida nywele hurudi zenyewe. Ukiwa mfupi na hauna kijinundu, umekatika njiani.

Unywele uliokwisha toka nje ya ngozi hauna uhai. Kwa hiyo hakuna mafuta, yawe ya nazi, ya habasoda au ya kopo la bei mbaya, yatakayouunga. Mafuta hupunguza ukavu na msuguano, basi. Kata ncha zilizochanika, kisha subiri. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi.

Baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Saluni utaambiwa vumilia, ikiwasha ndiyo inakubali. Inakubali nini? Hiyo ni ngozi inaungua, ioshwe hapo hapo. Anayerudia dawa asubiri wiki 8 au zaidi, na ipakwe kwenye maoteo mapya tu.

Linalonisikitisha zaidi ni misuko ya kubana. Tunaona mabinti wa madrasa wa miaka 6 au 7 wamesukwa mpaka nyusi zimepanda! Mtoto akilalamika kichwa kinauma, au akitoka vipele kwenye mashina, mfumue siku hiyo hiyo, hata kama msusi amekwisha lipwa. Nywele za mbele na za kandokando ya masikio zikivutwa kwa muda mrefu, shina hufa na kuacha kovu, na hapo hazioti tena. Nywele za kuunganisha, ambazo Mtume (s.a.w.) amezikataza kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, huongeza uzito juu ya mashina hayo hayo.

Wengine hufumua misuko kila wanapooga janaba. Hadithi ya Ummu Salama (r.a.) katika Sahih Muslim inaonesha kuwa si lazima, muhimu maji yafike kwenye ngozi ya kichwa. Kuhusu josho la hedhi, muulize sheikh wako, kwani wanazuoni wamekhitalifiana.

Baada ya kuoga usisugue kwa taulo, kamua maji taratibu. Nywele zetu za kipilipili zichanwe zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani. Ziache zikauke ndipo ujifunge ushungi, kwani nywele mbichi ikivutwa hukatika upesi. Kitambaa cha ndani kiwe laini, mfano satini, na fundo lisikae mahali pamoja kila siku.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi huenda ana mapunye. Mpeleke kituo cha afya apewe vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwani dawa ya kupaka peke yake haifiki shinani. Wakaguliwe pia ndugu zake wanaochangia chanuo, kofia na mitandio.