Mbu Mzee Ndiye wa Kuogopwa

Mbu aliyemnyonya mgonjwa wa malaria jana hawezi kukuambukiza leo. Vimelea alivyovimeza bado havijakomaa. Vinahitaji siku kumi hivi, na zaidi kukiwa na baridi, ndipo vifike kwenye tezi zake za mate. Anayeambukiza ni mbu mzee, tena jike, aliyenusurika makofi, dawa na mijusi siku zote hizo.

Ronald Ross, daktari Mwingereza, alivikuta vimelea hivyo tumboni mwa mbu mwaka 1897 akiwa India, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alikuwa mpenzi wa hisabati. Baadaye aliandika milinganyo kuonyesha kwamba si lazima mbu wote waishe: wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe.

Miaka ya 1950 mtafiti wa malaria George Macdonald akaiendeleza kazi hiyo. Fedha ni chache. Tumpige mbu wapi? Chukua mbu 100. Ikiwa kila siku wanasalimika 90 katika kila 100, baada ya siku 10 watabaki kama 35. Wakisalimika 80, watabaki 11. Wakisalimika 70, watabaki watatu tu! Ukiua nusu ya viluwiluwi madimbwini, unapunguza mbu kwa nusu, basi. Ila dawa ya ukutani, na siku hizi chandarua chenye dawa, humvizia mbu kila anapoingia ndani kutafuta damu, na wachache hufikia uzee.

Hesabu hiyo iliipa nguvu kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya kutokomeza malaria, iliyoanza 1955. Kisha ikaja Garki, kaskazini mwa Nigeria. Kati ya 1969 na 1976 watafiti walipuliza dawa majumbani na kuwagawia watu vidonge. Malaria ilipungua, haikukatika. Baadhi ya mbu wa pale wakishashiba damu walitoka kupumzika nje, mbali na kuta zenye sumu. Hesabu ilikuwa sawa. Mbu ndio waliokuwa na tabia nyingine.

Binadamu naye hatulii. Utafiti uliochapishwa 2012 ulichambua mienendo ya karibu laini milioni 15 za simu nchini Kenya, bila kujua wenyewe ni akina nani, ukailinganisha na ramani ya malaria. Ilibainika kwamba vimelea vingi vinavyoingia Nairobi hubebwa na wasafiri kutoka ukanda wa Ziwa Victoria. Kupambana na malaria Nairobi peke yake ni kufuta maji sakafuni huku bomba likivuja.

Kwa hiyo wizara zetu za afya zisinunue kompyuta za kukokotoa hesabu hizi zikawasahau wanaokesha vijijini wakikamata mbu na kuandika wameuma wapi, saa ngapi, na wamelala wapi. Wakikosekana hao, tutakokotoa kwa ustadi mkubwa habari za mbu wasiokuwepo.