Ofisa forodha akikamata mzigo wako, anza kuhesabu siku

MAMA mmoja mfanyabiashara wa mchele, niliyekutana naye katika mji mdogo wa mpakani kaskazini mwa Tanzania, alipoteza magunia 60 bila kesi yake kufika mahakamani. Hakuwa mtu wa magendo. Alinunua mchele kwa wakulima watatu mkoani Shinyanga, akawalipa taslimu, na hawakuandikiana chochote.

Usiku lori lilisimamishwa na maofisa wa forodha, naye akiwa amekaa mbele pamoja na dereva. Aliulizwa mchele umetoka wapi, akajibu Shinyanga. Akaulizwa karatasi ziko wapi, akanyamaza.

Mzigo ukapelekwa ghalani. Kwa wiki sita alikwenda na kurudi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akiomba kwa mdomo. Alipopata fedha za kumlipa wakili, aliambiwa kwamba muda wa kudai umekwisha na kisheria mchele ule si wake tena.

Kisa hiki kinagusa jambo ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hawalijui vizuri: ofisa wa forodha ana mamlaka gani, na akikosea, nani anabeba hasara?

Mamlaka yake ni makubwa

Kazi ya forodha katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongozwa na sheria moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika pamoja na Umoja wa Forodha Januari 1, 2005. Sheria hiyo inampa ofisa wa forodha, anapokuwa kazini, mamlaka, haki na kinga zile zile alizonazo polisi. Anaweza kusimamisha gari na kulipekua, kumkamata mtu na kushikilia mali.

Tena mali si mzigo peke yake. Gari lililobeba bidhaa za magendo nalo linaweza kutaifishwa. Anayepatikana na hatia ya magendo anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili.

Kwa mchele, maofisa wana sababu ya kuwa wakali. Katika viwango vya pamoja vya ushuru vya Jumuiya, mchele umo kwenye orodha ya bidhaa nyeti. Ule unaotoka nje ya Jumuiya kiwango chake ni asilimia 75 ya thamani, au dola 345 za Marekani kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Ushuru ukiwa mkubwa hivyo, njia za panya nazo huwa na wateja wengi, na mwenye mchele halali hushukiwa pamoja na mwenye mchele wa magendo.

Lakini mamlaka hayo yana mpaka. Ofisa anatakiwa awe na sababu za msingi za kuamini kwamba sheria imevunjwa. Hata anapotaka kumpekua mtu mwilini, mtu huyo ana haki ya kudai apelekwe kwanza mbele ya hakimu, Kamishna au ofisa wa ngazi ya juu, ambaye akiona hakuna sababu atamwachia. Mwanamke hapekuliwi ila na mwanamke.

Kinga yake nayo ina masharti

Wengi huuliza: ofisa akinikamatia mali yangu halali, naweza kumshitaki yeye mwenyewe? Jibu linategemea yale maneno matatu, 'sababu za msingi'.

Sheria inasema kwamba kama mahakama itakupa ushindi, lakini ikaona kuwa ofisa alikuwa na sababu za msingi za kukamata, basi yeye binafsi hashitakiwi kwa jambo hilo. Wewe utarudishiwa mali yako au thamani yake. Fidia zaidi ya hapo hupati, na gharama za kesi hulipwi.

Kama hakuwa na sababu za msingi, ngao hiyo haimfuniki. Aidha, ofisa anayeomba au kupokea chochote asichostahili kisheria, au anayekubali kufumbia macho magendo, ametenda kosa la jinai linaloweza kumpeleka gerezani. Hilo linamhusu yeye mwenyewe, si mwajiri wake.

Lakini tusijidanganye. Sheria hiyo hiyo inamhesabu anayetoa kuwa mkosaji kama anayepokea. Mfanyabiashara anayempa ofisa 'kitu kidogo' ili lori lipite usiku huo hawezi kesho kulalamika kwamba ameonewa.

Tupige hesabu

Kama mchumi wa kilimo, naona hapa ndipo penye maumivu. Tuseme, kwa mfano tu, umekamatwa na kilo 6,000 za mchele ulizonunua kwa Sh2,000 kwa kilo. Mtaji wako ni Sh12 milioni, na ni mkopo wenye riba ya asilimia 4 kwa mwezi.

Mzigo ukikaa miezi mitatu, riba peke yake ni Sh1,440,000. Lori likisubiri siku tano kwa Sh200,000 kwa siku, ni Sh1 milioni nyingine. Bei sokoni ikishuka kwa Sh150 kwa kilo, umepoteza Sh900,000. Jumla ni Sh3,340,000, zaidi ya robo ya mtaji, na hapo mchele wenyewe umerudishiwa wote.

Kama mahakama itaona ofisa alikuwa na sababu za msingi, hasara hiyo yote ni yako. Kwa mwenye nyanya, maziwa au mbuzi hali ni ngumu zaidi. Bidhaa inayoharibika na mnyama aliye hai vinaweza kuuzwa mara moja kwa amri ya Kamishna, na fedha zikashikiliwa badala ya mali. Ukishinda, utapewa fedha za mauzo, kwa bei waliyoipata wao.

Kwa maneno mengine, unaweza kushinda kesi na bado ukafunga biashara. Ushindi wenye faida ni ule unaopatikana barabarani, kwa kumwonyesha ofisa karatasi zinazomwondolea shaka kabla hajakamata.

Karatasi ndiyo wakili wa kwanza

Katika mashauri ya forodha, mzigo wa kuthibitisha asili ya bidhaa, au kwamba ushuru umelipwa, uko mabegani mwa mwenye bidhaa, si mwa ofisa. Ndiyo maana jibu la 'Shinyanga' halikumsaidia mama yule, ingawa lilikuwa la kweli.

Kwa hiyo, ukinunua kwa mkulima asiye na kitabu cha risiti, andikianeni: jina lake, kijiji, kiasi, bei, tarehe na sahihi zenu wote wawili. Mtendaji wa kijiji akigonga muhuri, ni vizuri zaidi. Tunza pia risiti za ushuru wa mazao na za mashine ya kukoboa.

Kwa anayevusha mazao kwenda nchi jirani ya Jumuiya, kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Mzigo wako ukizidi hapo, unahitaji cheti cha kawaida. Kumbuka kwamba vyeti hivyo vinahusu ushuru tu. Cheti cha afya ya mimea au mifugo kinabaki palepale.

Ukishakamatiwa mali

Kwanza, dai maandishi: nini kimekamatwa, kiasi gani, kwa sababu gani, na nani. Kama mwenye mali hakuwepo, sheria inamtaka ofisa ampe taarifa ya maandishi yenye sababu ndani ya mwezi mmoja. Kama ulikuwepo, kama mama yule, usisubiri barua. Siku zako zimeanza kuhesabiwa tangu siku ya kukamatwa.

Pili, andika barua ya kudai mali yako kwa Kamishna ndani ya mwezi mmoja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ya ukurasa mmoja ndiyo iliyokosekana kwa mama wa magunia 60. Bila barua, mwezi ukiisha, mali inahesabika imetaifishwa. Ukishaiwasilisha, Kamishna ana miezi miwili ya kwenda mahakamani mwenyewe au kukutaka wewe ufungue shauri. Akikutaka ufungue, nawe una miezi miwili. Asipofanya lolote, mali inarudi kwako.

Tatu, kama ugomvi ni juu ya uamuzi, kwa mfano thamani au kiwango cha ushuru, omba mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30. Naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi, na akikaa kimya, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Usiporidhika, una siku 45 za kukata rufaa, ambayo kwa Tanzania inakwenda Bodi ya Rufaa za Kodi. Wakati mapitio yakiendelea unaweza kuomba mzigo uachiwe kwa kulipa ushuru uliokadiriwa au kuweka dhamana.

Nne, usisaini usichokielewa. Sheria inamruhusu Kamishna kumaliza shauri kwa kukutoza fedha, lakini ni pale tu wewe mwenyewe unapokiri kosa kwa maandishi na kuomba limalizwe hivyo. Wapo wanaosaini ili wawahi soko, kisha wanataka kurudi nyuma. Ukishakiri, kurudi nyuma si rahisi.

Sheria inawajibu nao

Si haki kuwaona maofisa wote kuwa adui. Mkulima wa mpunga wa Kahama au Mbarali ananufaika pale mchele wa magendo unapozuiwa, kwa sababu bei yake haivunjwi. Ofisa anayefanya kazi hiyo usiku barabarani anahitaji ulinzi wa sheria, la sivyo hakuna atakayethubutu kusimamisha lori.

Hata hivyo, kumlinda ofisa mwaminifu hakupaswi kumaanisha kwamba mwenye mali halali abebe hasara yote peke yake. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaweza kulitazama upya suala la fidia, angalau ya gharama za kesi, kwa anayethibitika hakuwa na kosa. Na ofisi za forodha zingeweza kubandika ukutani, kwa Kiswahili, siku 30 hizi na miezi hii ambayo inaamua mali ya mtu.

Mama yule sasa anauza mchele wa rejareja, kilo kilo, mbele ya nyumba yake. Kwenye meza yake nilikuta daftari. Kila gunia analonunua analiandika, na aliyemuuzia anatia sahihi.