Mkono wa Gia Ukigoma Kutoka P, Tazama Kwanza Taa za Breki



Magari mengi yanayoingia katika nchi zetu kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, na mengi kati yao ni ya gia za otomatiki. Kutoka bandarini husafiri mpaka Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Viwandani na mashambani magari hayo ndiyo yanayopeleka wagonjwa hospitali, yanayoleta vipuri na yanayozungusha wasimamizi. Kwa hiyo dereva aliyejifunza kwa klachi hujikuta leo anaendesha gari lisilo na klachi, na mara nyingi hakuna aliyemweleza tabia zake.

Moja ya tabia hizo ni hii: injini inanguruma vizuri, lakini mkono wa gia umekwama kwenye herufi P na hautoki. Msimamizi anapiga kelele, dereva anavuta kwa nguvu zote, mwingine anakimbilia nyundo. Mkono ukivunjika, lawama ni za dereva, na huambiwa kwamba ameua giaboksi. Yafaa ieleweke kwamba mara nyingi giaboksi ni nzima kabisa. Ubaya uko kwenye kitu kidogo cha umeme.

KWA NINI KUNA KUFULI

Ukiweka gari kwenye P, jino moja la chuma ndani ya giaboksi huingia katikati ya meno ya gurudumu, na gari haliwezi kujongea. Juu ya hapo, penye mkono wa gia, kuna kufuli. Kufuli hilo hufunguliwa na sumaku ya umeme, na sumaku hupata amri pale tu unapokanyaga breki. Swichi iliyo juu ya pedali ya breki, ile ile inayowasha taa za breki nyuma, ndiyo pia huiambia sumaku kwamba mguu uko mahali pake.

Kufuli hili lilizaliwa na ajali. Katika miaka ya 1980 huko Marekani watu wengi walilalamika kwamba magari yao, hasa Audi 5000, yaliruka yenyewe mara yalipotolewa P. Serikali ya huko ilichunguza, na taarifa yake ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba mara nyingi dereva alikanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Audi wakaweka kufuli ili gari lisitoke P kabla breki haijakanyagwa, na viwanda vingine vikafuata. Magari madogo mapya yanayouzwa Marekani yamelazimishwa kisheria kuwa na kufuli hilo tangu Septemba 1, 2010. Basi kufuli si adui wa dereva. Ni mlinzi wa mtu aliyesimama mbele ya gari na wa mtoto anayecheza nyuma yake.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Kabla ya yote, vuta breki ya mkono na weka mawe imara kwenye magurudumu. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari.

Kwanza, ufunguo na betri. Ufunguo uwe umezungushwa mpaka taa za dashibodi ziwake, si nusu njia. Ikiwa ufunguo wenyewe hauzunguki, huenda usukani umejifunga. Tikisa usukani kidogo kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo. Betri ikiwa imekufa, sumaku haina nguvu na kufuli haliwezi kufunguka. Hapo dawa ni betri, si nyundo.

Pili, taa za breki. Kanyaga breki kwa nguvu, na mwenzako atazame taa za nyuma akiwa amesimama kando. Zisipowaka hata moja, umekaribia jibu. Tazama fyuzi ya taa za breki. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile, wala usiweke waya. Fyuzi ikiwa nzima, mwambie fundi aangalie swichi ya juu ya pedali. Bei ya swichi hiyo haifanani hata kidogo na bei ya giaboksi.

Tatu, sikiliza. Taa zikiwaka, kanyaga na kuachia breki huku umetega sikio karibu na mkono wa gia. Ukisikia mlio mdogo wa "tak", sumaku inafanya kazi, na shida huenda ni kebo, kitufe cha mkono wenyewe, au takataka. Chai na soda zikimwagika hapo huganda, na sarafu hudumbukia. Usiposikia kitu, umeme haufiki kwenye sumaku au sumaku imekufa.

Nne, mteremko. Gari likiegeshwa kilimani bila breki ya mkono, uzito wote hulalia lile jino la chuma na kulibana. Hapo kufuli hufunguka lakini mkono ni mzito mno. Likivutwa kidogo kwa kamba na gari jingine kuelekea juu, dereva akiwa ndani, mguu tayari kwenye breki, jino huachia. Kuzuia ni rahisi zaidi: mguu ukiwa kwenye breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu polepole ili breki ya mkono ibebe uzito, kisha kanyaga tena na uweke P.

KITUFE CHA DHARURA

Magari mengi yana kitufe kidogo au tundu lililofunikwa karibu na mkono wa gia, mara nyingi limeandikwa SHIFT LOCK. Zima injini, hakikisha breki ya mkono imevutwa na mawe yapo, kanyaga breki, bonyeza kitufe kwa bisibisi nyembamba, kisha sogeza mkono mpaka N. Injini huwaka hata ikiwa N.

Lakini kitufe hiki ni cha kuliondoa gari penye hatari au kulifikisha kwa fundi. Si cha kufanyia kazi kila siku. Kumbuka: ikiwa swichi imekufa, taa za breki nazo zimekufa, na lori lililo nyuma yako halitajua kwamba unasimama. Anayekuamuru ubebe wafanyakazi katika hali hiyo, au ukate waya ili kufuli lisisumbue tena, anacheza na maisha ya watu. Kataa kwa heshima na umwite mwakilishi wa chama.

HAKI YA DEREVA

Andika hitilafu katika kitabu cha gari siku ile ile: tarehe, saa, taa zimewaka au hazikuwaka. Maandishi hayo ndiyo shahidi wako.

Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi la Kimataifa unasema mshahara hukatwa kwa masharti ya sheria ya nchi, ya makubaliano na chama au ya uamuzi wa usuluhishi tu, si kwa hasira ya msimamizi. Kwa mfano, huko Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka kwamba makato ya hasara yawe kwa hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe na kwa ridhaa yake ya maandishi. Aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Swichi iliyochakaa si kosa la dereva. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mwajiri asiyenunua swichi leo atanunua giaboksi kesho, na huenda akatafuta mshahara wa kulipia. Matawi yawafundishe madereva hatua hizi, na kila gari la kazi liwe na mawe ya magurudumu na fyuzi za akiba.