Kelele za kila siku zinavyokula masikio yetu

KELELE ni jambo ambalo mkazi wa mji amekwisha kulizoea. Honi za magari, muziki wa matatu, mashine za kusaga unga, nyundo za mafundi wa jua kali na vipaza sauti vya wahubiri humzunguka tangu alfajiri hadi usiku. Kwa kuwa kelele haiachi jeraha wala haitoi damu, wengi huiona kuwa usumbufu tu. Ukweli ni kwamba kelele ni nguvu halisi, na nguvu hiyo ikiingia sikioni kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu sehemu ambayo haiponi tena. Ili tuelewe jambo hili, yafaa kwanza tujue wimbi ni kitu gani.

Chukua mfano wa kifuu cha nazi kinachoelea baharini siku isiyo na upepo wala mkondo mkali. Wimbi likija, kifuu hupanda, likipita, hushuka. Mawimbi mia moja yatapita chini yake na kifuu kitakuwa bado karibu pale pale. Maana yake ni kwamba maji hayasafiri pamoja na wimbi. Kinachosafiri ni nguvu, na maji huipokezana tu, kama watu waliojipanga wakipitishiana ndoo wakati wa kuzima moto.

Sauti nayo ni wimbi. Mtu anapopiga ngoma, ngozi hutetemeka na kuisukuma hewa iliyo karibu. Hewa hiyo huisukuma ya jirani yake, na kadhalika, mpaka msukumo ufike sikioni. Hewani msukumo huu huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ndiyo sababu mwanga wa radi huonekana mara moja lakini ngurumo hufuata baadaye. Ukihesabu sekunde tatu kati ya hayo mawili, radi imepiga kama kilomita moja kutoka ulipo.

Mambo mawili hutofautisha sauti moja na nyingine. La kwanza ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Mjerumani, Heinrich Hertz. Mitetemo michache hutoa sauti nzito kama besi. Mitetemo mingi hutoa sauti nyembamba kama ya filimbi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. La pili ni nguvu ambayo wimbi limebeba, nayo hupimwa kwa desibeli.

Hesabu ya desibeli huwapotosha wengi. Zikiongezeka tatu, nguvu ya sauti huwa maradufu. Zikiongezeka kumi, nguvu huwa mara kumi. Mazungumzo ya kawaida huwa kama desibeli 60. Kwa hivyo, muziki wa desibeli 100 una nguvu mara 10,000 ya mazungumzo hayo.

Nguvu hiyo huishia wapi? Mawimbi hupita kwenye tundu la sikio na kuitetemesha ngoma ya sikio. Kutoka hapo mifupa mitatu midogo sana huyapeleka ndani zaidi, katika kiungo kilichojisokota kama konokono na kujaa majimaji. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Mitetemo huviinamisha vinywele hivyo, nazo seli hupeleka habari kwenye ubongo.

Seli hizi ni kama nyasi za uwanjani. Watu wachache wakipita, nyasi hulala kisha husimama tena. Watu wakipita pale pale kila siku, njia hutokea na nyasi hazioti. Ndege akipoteza seli hizi huota nyingine, lakini binadamu hana bahati hiyo. Hadi sasa hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Jambo la kuhofisha ni kwamba uharibifu huanza mapema, kabla ya maumivu yoyote. Sauti huanza kuuma sikio inapokaribia desibeli 120 au zaidi, lakini madhara yaweza kuanza kwenye desibeli 85 ikiwa mtu ataisikiliza kutwa nzima, siku baada ya siku. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa nane katika kelele ya desibeli 85. Ikifika 88, saa nne. Ikifika 91, saa mbili. Ikifika 100, dakika 15 tu. Msomaji ataona kuwa nguvu ikiongezeka maradufu, muda wa salama hupungua nusu.

Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Anayefanya kazi penye mashine ana haki ya kudai kinga kutoka kwa mwajiri wake.

Tabia za mawimbi zaweza pia kutufundisha jinsi ya kujikinga. Mahali pa wazi, ukiwa mbali na kipaza sauti mara mbili ya ulivyokuwa, nguvu inayokufikia hupungua hadi robo. Lakini ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, mawimbi hugonga mabati na vioo na kurudi, kwa hivyo kusogea kiti kimoja hakusaidii sana. Mawimbi ya besi nayo ni marefu. La hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, na huzunguka kuta kwa urahisi. Ndiyo maana jirani wa klabu husikia mdundo bila kusikia maneno ya wimbo.

Tundu la sikio lenyewe lina tabia yake. Kama chupa inayolia ikipulizwa mdomoni, tundu hilo huzidisha sauti za karibu hezi 3,000. Kwa sababu hiyo, uharibifu wa kelele huanza kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Sauti hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na sh. Utingo aliyekaa miaka mingi karibu na spika atasikia vizuri kwamba abiria amesema kitu, lakini asijue kama ni "sita" au "tisa". Nyumbani atadhani mkewe ananong'ona. Wengi huja hospitalini wakati huu, na huwa wamechelewa.

Basi tufanyeje? Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upige kelele, jua kwamba mahali hapo pana hatari. Ondoka, au vaa vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Kwenye simu, usizidishe asilimia 60 ya sauti unapotumia spika za masikioni. Baada ya sherehe au kazi yenye kelele, yape masikio saa kadhaa za utulivu.

Masikio yakilia "nziii" baada ya kelele, hilo ni onyo. Mlio ukiendelea zaidi ya siku moja, nenda ukapimwe. Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitalini siku iyo hiyo, kwani matibabu ya mapema huweza kuuokoa. Na si kila uziwi hutokana na kelele. Nta, maambukizi na baadhi ya dawa, kama vile sindano za gentamaisini, pia huathiri masikio, kwa hivyo usijitibu kwa kubahatisha.

Mzazi naye asisubiri mtoto alalamike. Mtoto anayeongeza sauti ya runinga kila mara, au anayejibu maswali ambayo hakuulizwa, huenda si mtundu. Mpeleke akapimwe usikivu kabla hajaanza kubaki nyuma darasani.